Tundu Chini ya Kufuli

Bi Sikudhani hakuwa mtu wa kupendeka, na hakujisumbua kutafuta kupendwa. Ukimpelekea kufuli lililokwama, kabla hajalitazama alikutazama wewe, akakuuliza umelifanya nini. Ukijibu kwamba hukulifanya kitu, alicheka cheko fupi la puani, akaligeuza chini juu. Ndiyo tabia aliyokuwa nayo, kugeuza kila kitu. Mgeni mwingine akikaribishwa humtazama mwenye nyumba usoni. Yeye alishika sufuria la watu, akalikagua kitako.

Meza yake ilikuwa pembeni mwa soko la kijiji kimoja nje ya mji wa Kongwa, karibu na njia wanapopitishwa ng'ombe siku ya mnada. Meza hiyo aliiacha marehemu mumewe, Khalidi, fundi kufuli aliyeshuka naye kutoka milima ya Kondoa. Khalidi alipofariki, watu walikuja kumpa pole mama Naima, kama walivyomwita, mpaka arobaini ikasomwa. Siku ya arobaini na moja wakaja kumuuliza meza anamwachia nani.

"Naikalia mwenyewe," alisema.

Walicheka. Mwanamke wa kufungua makufuli! Walisema hatamaliza mwezi. Walisahau kwamba kwa miaka kumi na saba mwanamke huyo alikaa nyuma ya meza ile ile, akimpokea mumewe vyuma na kumpa waya alioutaka kabla hajautaja. Mwezi ukaisha, ikaisha miaka sita, na funguo za kijiji kizima zilikuwa zimepita mikononi mwake.

Kilichowaudhi watu si ufundi wake bali ulimi wake. Sikudhani aliamini kwamba kitu kilichoundwa na mtu mwenye akili hakina tundu la bure, hakina mkunjo wa bure, na asiyejua kazi ya tundu aliache kama alivyolikuta. Mama ntilie mmoja aliziba kitundu cha mfuniko wa sufuria kwa ugali ili mvuke usipotee. Sikudhani akamwambia mbele ya wateja kwamba wali wake unafurika jikoni kila siku kwa sababu ameukaba koo. Mkulima aliyepiga misumari mitatu kwenye jembe ili mpini usichomoke aliambiwa, "Tundu la jembe ni pana upande mmoja, jembamba upande wa pili. Ukiingiza mpini kwa upande wake, kila pigo linaukaza. Wewe umeuingiza kinyume, kisha unalipigilia misumari jembe la watu. Kosa la jembe ni lipi?"

Petro seremala ndiye aliyeumia zaidi. Futi yake ya chuma, ile ya kuvuta, ilikuwa na kile kijichuma cha nchani kinachochezacheza. Petro akadhani ni ubovu, akakigonga kwa nyundo mpaka kikatulia kabisa. Tangu hapo fremu zake zikawa zinakataa milango. Sikudhani alipoishika futi ile alipiga kelele kama aliyeona nyoka.

"Kinacheza makusudi, Petro! Kinasogea kwa unene wake wenyewe. Ukipima nje ya ubao kinavutika, ukipima ndani kinarudi, hesabu inabaki moja. Sasa umekiua. Wewe na futi yako mmekuwa waongo wawili."

Maneno hayo yalisemwa sokoni, siku ya mnada. Petro hakuyasahau.

Basi ulipofika mwezi wa kumi, akatokea Anthony.

Anthony alikuwa na duka la vifaa, la bati, misumari na rangi, na mwezi huo aliletewa maboksi ya makufuli mapya, meusi, mazito, yasiyo na tundu lolote chini isipokuwa la ufunguo. Hayakutoka dukani. Watu walikuwa na makufuli yao ya shaba ya miaka na miaka, wakiridhika nayo. Anthony akaona dawa. Siku ya mnada alipanda juu ya kreti la soda, mkononi kipaza sauti.

"Geuzeni makufuli yenu!" alinadi. "Geuzeni, ndugu zangu, mwone! Hicho kitundu kidogo pembeni ya tundu la ufunguo, mmewahi kujiuliza ni cha nini? Nani aliwauzia nyumba yenye milango miwili? Mwizi anapitisha waya hapo, mara moja, kwisha!"

Watu waligeuza. Wengi waliliona tundu lile kwa mara ya kwanza, ijapokuwa walikuwa wamelala nyuma ya kufuli hilo miaka kumi. Na mtu akikiona kwa mara ya kwanza kitu kilichokuwa mkononi mwake siku zote, huogopa. Hofu haihitaji mtaji. Anthony aliifungua kama mtu afunguavyo gunia, kila mtu akachota.

Walioweza walinunua makufuli meusi. Wasioweza walijitibu wenyewe. Walikwenda kwenye ua wa minyaa, wakakata matawi, wakakinga ule utomvu mweupe, wakauchanganya na majivu ya jikoni, wakashindilia kwenye kitundu. Ukikauka unakuwa kama mpira. Wiki nzima ua wa kijiji ulitoa maziwa.

Sikudhani alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kreti la soda.

"Anthony, shuka hapo. Hilo tundu ni la maji."

"La maji?" Anthony hakukiondoa kipaza sauti mdomoni. "Mama Naima, kwani kufuli linakojoa?"

Watu wakaangua kicheko.

"Linakojoa, ndiyo. Nawe ungezibwa siku moja tu, ungeelewa kwa nini."

Kicheko kikahama upande. Sikudhani akapaza sauti. "Mvua inaingia kwa juu, pale chuma kinapoingia mwilini mwa kufuli. Inatokea hapo chini. Kufuli likikauka, mafuta unayatia hapo hapo. Hakuna waya unaofungua kufuli kwa tundu hilo, hata aje aliyelitengeneza. Huyu anawauzia uoga!"

Hapo angeondoka, angekuwa ameshinda. Lakini Anthony alikuwa mfanyabiashara, naye alimjua vizuri mtu asiyeweza kuacha swali bila jibu.

"Haya, fundi. Wewe makufuli yasiyo na ufunguo unayafungua, hufungui?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Bila ufunguo?"

"Kwa waya, kwenye tundu la ufunguo. Sasa kama ufunguo ungekuwepo ningeitwa wa nini?"

"Kufuli lolote la hapa kijijini?"

Sikudhani aliliona shimo, lakini alikuwa na kiburi cha ufundi wake, na uongo hakuwa ameuzoea. "Lolote," alisema.

Anthony aliwageukia watu. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya kusikitika, "Mmesikia wenyewe. Lolote."

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke mmoja alivuta mkoba wake mbele ya tumbo.

Wiki mbili baadaye Petro aliamka asubuhi akakuta randa yake na misumeno miwili havipo kwenye banda la kazi. Kufuli lilikuwa limefungwa mlangoni vilevile. Kabla ya saa nne watu walikuwa wamejaa mbele ya ofisi ya kitongoji, na Sikudhani amesimamishwa katikati.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Mazengo, ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Mtu mrefu, mtaratibu, mpenda muhuri. Aliwasalimu watu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", wakamwitikia, akampa Petro nafasi.

"Mlango haujavunjwa," Petro alisema. "Kufuli halijaguswa. Ni nani hapa anayeweza kuingia hivyo?"

"Anayepita dirishani," Sikudhani alijibu. "Dirisha la banda lako limezibwa na gunia, Petro. Seremala mzima! Mwizi alilisogeza kama pazia, akaingia, akalirudisha. Nenda kalitazame, kamba yake imekatwa, nimeiona nikipita."

"Hatujakuuliza wewe," mtu alisema nyuma.

"Basi mmeniita wa nini?"

Mazengo aliinua mkono. "Mama Naima, hakuna aliyekuita mwizi."

"Mmeniweka katikati. Mnyama akiwekwa katikati ya watu huwa anachinjwa."

Sikudhani alimtafuta Loisi kwa macho. Loisi alikuwa mtunza ufunguo wa ghala la kikundi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Walikuwa wakitwanga mtama kinu kimoja, mchi unapokezana. Loisi ndiye aliyemfunga kitambaa kichwani siku ya kumzika Khalidi. Lile gunia la Petro alilijua fika, kwa kuwa yeye ndiye aliyempa Petro. Loisi alitazama miguu yake.

Uamuzi wa Mazengo ulikuwa mfupi. Mpaka mambo yatakapobainika, vifaa vya fundi vikabidhiwe. Wakaenda wakaleta sanduku la bati lenye nyaya, tupa, koleo ndogo na funguo mbichi zisizochongwa bado. Kila waya humo Khalidi alikuwa ameukunja kwa mkono wake.

"Litakaa ghalani," Mazengo alisema, "chini ya kufuli la kikundi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kikao kiamue."

"Kikao kipi?"

"Kitaitishwa."

Hakikuitishwa. Sikudhani aliendelea kwenda kukaa kwenye meza tupu, kila siku, kuanzia asubuhi. Angebaki nyumbani wangesema ameona aibu. Watu walipita wakishika mifuko yao. Neno mwizi lilisemwa kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi kwamba asilisikie. Binti yake, Naima, aliyeolewa Dodoma mjini, alipiga simu akalia. "Mama, hao watu hawakutaki. Njoo ukae kwangu."

"Nitakuja," Sikudhani alisema, "siku nikiwa na sanduku langu mkononi. Nikiondoka bila sanduku, nimekiri."

Sasa, ghala lenyewe. Kikundi kililijenga kwa matofali ya kuchoma, likaezekwa bati, likatiwa mlango wa chuma. Anthony ndiye aliyeshauri juu ya kufuli: lichomelewe kisanduku cha chuma kwa juu na pembeni, lisifikiwe kwa nyundo wala msumeno, mkono uingie kwa chini tu. Kufuli lilikuwa la shaba, la zamani, na kitundu chake kilizibwa kwa mnyaa na majivu mbele ya wanachama wote. Kila mtu alilipapasa, akaridhika. Hakuna aliyetazama juu na kuona kwamba maji ya paa yalidondokea kwenye mkunjo wa juu wa kisanduku, penye mwanya mwembamba, yakateremkia kwenye kufuli. Yalikuwa na njia ya kuingia. Ya kutokea ilikuwa imezibwa.

Manyunyu ya mwezi wa kumi na moja yalilijaza. Jua likalipika. Manyunyu mengine yakalijaza tena. Na mwanzoni mwa Desemba ikaja mvua yenyewe, ya usiku kucha, na asubuhi ardhi nyekundu ya Kongwa ilikuwa inafuka mvuke. Mtu wa huku hahitaji kuambiwa maana yake. Mvua ya uwanda huu haibembelezi. Inakuja, unapanda, au unaikosa mpaka mwakani. Na mbegu za karanga, mtama na uwele za familia arobaini zilikuwa ghalani.

Loisi aliingiza ufunguo. Uliingia, haukuzunguka. Mazengo akaushika yeye, akaukaza mpaka ukapinda. Wakauchomoa, wakaunyoosha juu ya jiwe. Anthony alikuja na mashine ya kukatia vyuma, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu radi ya kwanza, na kisanduku cha chuma alichokishauri mwenyewe hakikuacha nafasi hata ya ncha ya nondo. Ilipofika saa tatu watu walikuwa wanagombana.

"Tuvunje ukuta," Mazengo alisema.

"Mvua ikirudi jioni, mbegu zinalowa zote," mtu akamjibu. "Utakula wewe karanga zilizochipua?"

Ndipo watu walipoanza kumtazama Loisi, na Loisi akaelewa anatumwa wapi.

Alimkuta Sikudhani uani, anapepeta uwele.

"Hodi, mama Naima."

"Umeshaingia."

"Ghala halifunguki."

"Nimesikia makelele."

Loisi alisimama, matope mpaka kwenye magoti. "Mimi nilikosa siku ile."

"Hukukosa. Ulinyamaza. Kukosa ni kitu kingine, mtu hukosa bila kujua." Sikudhani alipeperusha makapi. "Vifaa vyangu viko wapi, Loisi?"

"Ghalani."

"Mmefungia dawa ndani, mgonjwa yuko nje." Aliuweka ungo chini. "Nitakuja. Sanduku langu linatoka kabla ya punje moja ya mbegu. Mwambie mwenyekiti aliseme hilo mbele ya watu."

Mazengo alilisema. Alilisema haraka, kama mtu anayemeza shubiri, na watu wote wakaitikia. Sikudhani akainama chini ya kisanduku, akapapasa. Nyuma yake walimsonga.

"Angalieni mikono yake," Petro alisema.

"Iangalieni sana," Sikudhani alijibu bila kugeuka, "labda mtajifunza kitu."

Aliomba vitu vitatu: mwiba mrefu wa mgunga, mafuta ya taa, na mafuta ya cherehani kwa mshonaji. Aliloweka ile gundi ya mnyaa kwa mafuta ya taa mpaka ikalegea, akaichokonoa kwa mwiba, kipande kwa kipande. Kipande cha mwisho kilipotoka, yalifuata maji. Yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, mazito, yananuka chuma. Yalitiririka kwenye kiganja chake mpaka kwenye kiwiko. Aliwageuzia watu mkono ule. Kisha akachovya ncha ya mwiba kwenye mafuta ya cherehani, akayaingiza tone kwa tone kwa tundu lile lile, akagongagonga kufuli kwa jiwe dogo, akangoja, akatia tena. Muda ulikwenda. Watu walinung'unika kwamba jua linapanda.

"Loisi," alisema mwishoni, akasogea pembeni. "Ufunguo wako. Mkono wako."

Loisi alizungusha. Kufuli lilifunguka.

"Mmeona!" Sauti ya Anthony ilitoka katikati ya watu kabla hata mlango haujasukumwa. "Nilisema nini mimi? Amefungua kwa tundu lile lile! Kwa mwiba!"

Na wapo waliotikisa kichwa kumkubali. Wameyaona maji kwa macho yao, wameuona ufunguo ukizungushwa na mwenye ufunguo, na bado walitikisa kichwa. Sikudhani alihisi hasira ikimpanda mpaka kwenye masikio. Mtu mjinga unaweza kumfundisha. Lakini huyu aliyekwisha kulipia ujinga wake pesa taslimu atautetea kama mali.

Mazengo alikuwa ameshaingia ndani. Alionekana akiinama penye giza, akainuka na sanduku la bati mikononi, akasimama. Alikuwa amemsikia Anthony, na alikuwa ameziona zile nyuso.

"Wanachama," alisema kutoka ndani, kwa sauti ya ofisi. "Kwa hali ilivyo, naona hili lirudi kwanza ofisini. Kikao kitaamua."

Sikudhani hakubishana. Alichukua kufuli mkononi mwa Loisi, akavuta mlango wa chuma, ukajibamiza. Akaingiza mkono chini ya kisanduku, akalisukuma kufuli. Lililia mlio mmoja safi, likafunga. Kisha akageuka, akauegemea mlango, akakunja mikono.

Halafu kutoka ndani, "Nani kafunga? Nyie! Mama Naima!"

"Niko hapa, mwenyekiti."

"Fungua!"

"Mimi sina ufunguo. Na vifaa vyangu unavyo wewe."

Mwanamke mmoja mbele alishindwa kujizuia, akacheka. Kicheko kikaruka kwa mwingine, kikawa cha wote, isipokuwa Anthony na Petro.

"Hii ni jinai!" Mazengo alipiga mlango kwa ngumi. "Nitakupeleka polisi! Loisi! Fungua sasa hivi!"

Loisi alisogea na ufunguo mkononi. Sikudhani hakuondoka mlangoni. Wakatazamana, pua kwa pua, majirani wa kinu kimoja.

"Utanisukuma?" Sikudhani aliuliza.

Loisi alinyoosha shingo, akazungumza na mlango kupitia begani kwake. "Mwenyekiti! Sanduku la mama Naima, unalitoa, hulitoi?"

"Kikao..."

"Sikukuuliza kikao! Jua linapanda! Uliahidi mbele yetu. Na gunia la dirisha la Petro nilimpa mimi, na kamba yake imekatwa, nimeiona. Niliiona siku ile ile, nikanyamaza. Unalitoa?"

"Petro," mtu akauliza, "kamba imekatwa kweli?"

Petro alitema mate pembeni.

Na hapo watu wakalipuka. "Mpe sanduku lake!" "Mwenyekiti, tunataka kupanda!" "Unataka kuatamia mbegu humo?" Kelele zilipanda, zikaupiga ule mlango kuliko ngumi za Mazengo. Sikudhani alizisikiliza vizuri, hakujidanganya. Walikuwa wanapiga kelele kwa ajili ya mashamba yao. Haki yake ilikuwa imesimama tu njiani mwa karanga zao, wakaona afadhali waipitishe.

"Natoa!" sauti ya ndani ilisema hatimaye. "Natoa, jamani. Fungueni."

Sikudhani alijisogeza kidogo, Loisi akazungusha ufunguo. Mlango ukasogea kiasi cha kiganja, na sanduku la bati likatangulia, likifuatwa na mikono ya mwenyekiti. Sikudhani alilipokea, akaondoka mlangoni. Watu walipita pembeni yake kama maji yaliyozibuliwa, wakigombania magunia.

Alikaa juu ya jiwe nje ya ghala, akalifungua. Alitoa nyaya moja moja, akazifuta kwa upindo wa kanga, akaziangalia juani kama zimeshika kutu. Anthony alipita karibu na mashine yake begani. "Usidhani yamekwisha," alisema.

"Hayajakwisha," Sikudhani alikubali. "Yale makufuli yako meusi hayana pa kutolea maji kabisa. Nasubiri Januari."

Loisi alitoka wa mwisho, ndoo ya mbegu kichwani. Alisimama mbele yake, hakujua pa kuweka macho. "Mama Naima, na la nyumbani kwangu pia nililiziba."

"Lilete kesho mezani."

"Kesho nitakuwa shamba."

"Basi keshokutwa. Kwenye foleni, kama wengine."

Loisi aliitikia kwa kichwa, akashika njia ya shamba. Simu ya Sikudhani iliita. Alikuwa ni Naima, amesikia, anauliza sasa anakuja lini mjini, maana sanduku si ameshalipata.

"Siji," Sikudhani alisema. "Nina kazi. Kijiji kizima kimezibwa."